Kuendesha Linux ukiwa mbali: SSH, VPN, paneli ya kivinjari au skrini ya mbali?

Nina kompyuta za Linux mahali patatu pasipofanana. Kuna seva ya kukodi iliyoko Ujerumani, imebeba tovuti mbili na barua pepe za watu wachache. Kuna kompyuta kumi na mbili za maabara ya shule moja mkoani Tanga, zinazopata intaneti kwa ruta yenye laini ya simu. Na kuna kompyuta ya mezani ya mama mdogo, Mombasa, niliyoiwekea Linux Mint baada ya Windows aliyokuwa nayo kuelemewa na virusi. Zote nazihudumia nikiwa Dar es Salaam, na kwa miaka nimepita karibu njia zote zilizopo. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza swali lilelile: ipi ni salama, na ipi inafaa kwa kazi?

Watu wengi hulinganisha njia hizi kwa nguvu ya usimbaji wake. Mimi napima kwa maswali mawili. Mlango wangu unaonekana na nani huko nje? Na siku mlango ukinifungia mimi mwenyewe, nitarudi ndani vipi? Ukiyashika hayo mawili, kuchagua kunakuwa rahisi zaidi.

SSH ya nenosiri na SSH ya ufunguo

SSH ni njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali na kuiendesha kwa amri, mawasiliano yakiwa yamesimbwa. Kabla ya SSH watu waliingia kwenye kompyuta za mbali kwa telnet na rlogin, na nenosiri lilisafiri wazi, yeyote aliyeko njiani akiweza kulisoma. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, aliyekuwa chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, aliandika SSH baada ya mtandao wa chuo hicho kutegewa programu iliyokuwa ikinasa manenosiri. Aliomba apewe poti 22, yaani namba ya mlango wa mtandao ambao huduma husikiliza, kwa kuwa ilikuwa wazi katikati ya 21 ya FTP na 23 ya telnet. Leo wengi wetu tunatumia OpenSSH, iliyoanzishwa na watu wa OpenBSD mwaka 1999.

Basi njia ni salama. Tatizo liko kwenye nenosiri lenyewe. Kodisha seva leo, iache saa chache tu, kisha andika `journalctl -u ssh`. Utaona mistari inashuka kama mvua: mtu anajaribu kuingia kama root, akaunti yenye mamlaka yote, mwingine kama admin, mwingine kama oracle, test, ubuntu, pi. Hao si watu wanaokujua. Ni programu zinazozunguka intaneti nzima usiku na mchana zikibisha hodi kila nyumba. Fail2ban hupunguza kelele kwa kuzuia anwani iliyokosea mara kadhaa, lakini mbishaji mwenye anwani elfu moja hakosei mara nyingi kwa anwani moja. Kuhamisha SSH kwenda poti nyingine nako hupunguza kelele. Hakuongezi usalama wa maana.

Ufunguo huondoa mchezo wote wa kubahatisha. Unaandika `ssh-keygen -t ed25519`, unapata vipande viwili: cha umma unakiweka kwenye seva, cha siri kinabaki kwenye laptopu yako na hakisafiri kamwe. Laptopu hutia saini taarifa za kikao hicho, seva huikagua saini kwa kipande cha umma, basi. Kipande cha siri kiwekee nenosiri lake, kwa sababu laptopu huibiwa, na mwizi asiikute seva yako imefunguka ndani ya begi.

Kisha zima manenosiri kabisa, na hapa kuna mtego ambao nimeuona ukiwanasa watu makini. Kijana mmoja niliyekuwa nikimwelekeza aliandika `PasswordAuthentication no` kwenye faili la `/etc/ssh/sshd_config`, akawasha upya huduma, akaridhika. Tulipojaribu kuingia kwa nenosiri kutoka kompyuta nyingine, tuliingia. Sababu: OpenSSH hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na faili hilo huanza kwa kusoma folda ya `sshd_config.d`. Humo seva nyingi za kukodi huja na faili dogo liitwalo `50-cloud-init.conf` lenye neno `yes`. Alichoandika yeye kilisomwa baadaye, kikapuuzwa. Kwa hiyo usiamini ulichoandika. Muulize sshd mwenyewe, ile programu ya SSH inayosikiliza kwenye seva: `sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication`. Jibu hilo ndilo hali halisi ya mlango wako.

Ufunguo una gharama yake. Ukipotea, umepotea. Weka wa pili kwenye kifaa kingine unachokiamini. Na fungua `authorized_keys`, faili la funguo zilizoruhusiwa kwenye seva, usome mstari kwa mstari: ofisi nyingi nilizopita, ufunguo wa mfanyakazi aliyeondoka zamani bado umo, na hakuna aliyekumbuka kuufuta. Nenosiri la pamoja lina ubaya huohuo, ila ufunguo angalau hufutwa wa mtu mmoja bila kuwasumbua wengine.

Kati ya hizi mbili sioni cha kusitasita. Ufunguo, kila mara, hata kwa kompyuta moja ya nyumbani.

SSH iliyo wazi na SSH iliyo nyuma ya VPN

VPN ni mtandao wa faragha unaopita juu ya intaneti, wanaoingia ni wale tu walioruhusiwa. Hapa ndipo penye mjadala wa kweli, na nilibadili msimamo wangu mwaka 2024.

Tarehe 29 Machi mwaka huo Andres Freund, mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba amekuta mlango wa siri ndani ya xz, maktaba ya kubana mafaili, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Mtu alikuwa amejenga uaminifu kwenye mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili, akapewa madaraka, kisha akapachika msimbo uliolenga sshd. Matoleo thabiti ya Debian na Red Hat yalikuwa bado hayajafikiwa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Julai, kampuni ya Qualys ikatangaza kasoro iliyoitwa regreSSHion, iliyomwezesha mtu asiye na akaunti kupata mamlaka ya root kupitia sshd kwenye Linux. Kasoro hiyo iliwahi kuzibwa mwaka 2006, ikarudi kwa bahati mbaya katika mabadiliko ya mwaka 2020.

Kote kuwili ufunguo wako wa ed25519 usingekusaidia kitu, maana kasoro ilikuwa kwenye mlango wenyewe, kabla hujaulizwa ufunguo. Kilichoweza kusaidia ni mlango kutoonekana.

WireGuard, programu ya VPN, inafanya hivyo. Imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo 5.6 la Machi 2020. Husikiliza kwenye poti moja ya UDP, na pakiti isiyotoka kwa ufunguo inaoutambua haijibiwi kabisa. Anayepita akibisha hodi haoni kitu, kama vile hapana nyumba. Ukiwa umeunganishwa, SSH unaipata kwa anwani ya ndani. Kwenye fayawoli naandika `ufw allow in on wg0 to any port 22 proto tcp` (wg0 ni jina la kiunganishi cha WireGuard), na ruhusa ya zamani ya poti 22 kwa ulimwengu mzima naifuta. Wengine huiambia sshd isikilize anwani ya wg0 peke yake. Siipendi njia hiyo: kompyuta ikiwaka na sshd ikawahi kuamka kabla ya WireGuard, hukosa anwani ya kushika, na wewe umebaki nje.

Hasara ya VPN ni kwamba umeongeza kitu kingine kinachoweza kuharibika. Ndiyo maana sifungi poti 22 ya seva ya kukodi kabla ya kuhakikisha kwamba konsoli ya dharura ya mwenye seva, ile inayofunguka kwenye kivinjari, inafanya kazi na nenosiri lake ninalo. Wengi hawajawahi hata kuifungua siku ya amani.

Kwa maabara ya Tanga VPN haikuwa suala la hiari. Laini za simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo kutoka nje huna namna ya kuipigia kompyuta fulani iliyoko ndani. Lazima ya ndani ianze yenyewe. Kompyuta ya mwalimu, inayotumika kama lango la maabara, huiita seva ya Ujerumani kwa WireGuard, ikiwa na `PersistentKeepalive = 25`, yaani kila sekunde 25 inatuma kipakiti kidogo ili ruta za njiani zisisahau njia ya kurudi. Mimi naingia Ujerumani, natokea Tanga. Zamani nilitumia handaki la SSH la kurudi nyuma, `ssh -R` likisimamiwa na autossh. Lilifanya kazi, ila mtandao ukiyumba lilikuwa likiganda hadi nipige simu kuomba mtu awashe upya kompyuta. WireGuard haigandi hivyo. Mtandao ukirudi, nayo imerudi.

WireGuard ya mikono yako au Tailscale

Tailscale imejengwa juu ya WireGuard hiyohiyo, ila kazi yote ya kubadilishana funguo na kupenya ruta inafanyiwa wewe. Unaingia kwa akaunti ya Google, Microsoft au GitHub, kila kifaa kinapewa anwani inayoanza na 100, kazi imekwisha. Kwa mama mdogo nilitumia hiyo, sikuchukua hata robo saa.

Unachotoa badala yake ni usimamizi. Orodha ya nani ameruhusiwa kwenye mtandao wako iko kwa kampuni, na atakayeiteka akaunti yako ya barua pepe anaweza kujiongezea kifaa ndani. Kwa hiyo akaunti hiyo iwe na uthibitisho wa hatua mbili, tena si wa ujumbe wa simu. Anayetaka urahisi huo bila kumtegemea mtu anaweza kuendesha Headscale, programu inayochukua nafasi ya seva ya usimamizi ya Tailscale, kwenye seva yake mwenyewe, lakini hapo umejipa kazi nyingine ya kusimamia. Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta tatu nne, nitamwambia atumie Tailscale bila wasiwasi. Kwa taasisi inayotunza taarifa za watoto, nataka funguo zikae mikononi mwa wenyewe.

Paneli za kivinjari: Cockpit na Webmin

Mwalimu wa maabara hataki kujifunza amri, na sina sababu ya kumlazimisha. Anataka kuona diski imejaa kiasi gani, huduma ipi imesimama, na kitufe cha kuiwasha. Kwa hilo paneli ni msaada mkubwa. Cockpit hufunguka kwenye poti 9090, hutumia akaunti zilezile za mfumo, na hulala hadi mtu aiite, hivyo haili kumbukumbu ya kompyuta bure. Webmin, ya tangu 1997, iko poti 10000 na ina mambo mengi zaidi: barua pepe, DNS, hifadhidata, karibu kila faili la mipangilio lina ukurasa wake.

Wingi huo ndio hatari yake. Kila ukurasa ni msimbo wenye madaraka ya root unaongojea maombi kutoka kwenye mtandao. Agosti 2019 ilibainika kwamba matoleo ya Webmin 1.882 hadi 1.921 yaliyopakuliwa SourceForge yalikuwa na mlango wa siri. Msimbo uliokuwa GitHub ulikuwa safi. Aliyefanya hivyo aliingilia seva ya kutengenezea matoleo. Toleo 1.890 lilikuwa wazi hata kwa mtu ambaye hakubadili mpangilio wowote.

Sisemi msitumie. Nasema paneli isikae barabarani, iwe ya aina gani. Kutoka laptopu yako andika `ssh -L 9090:localhost:9090 mwalimu@10.8.0.5`, kisha fungua `https://localhost:9090`. Ukurasa unakuja kupitia handaki la SSH, na huko nje hakuna aliyeona poti yoyote. Kati ya hizo mbili mimi natumia Cockpit. Webmin ningeiweka tu kwa anayesimamia barua pepe na DNS peke yake bila kupenda terminali.

Skrini ya mbali

"Mwanangu, ile alama yangu ya picha za harusi imepotea."

Hapo SSH haina la kusema. Lazima nione anachokiona mama mdogo, mshale wangu uende alipo mshale wake, naye aone ninavyofanya ili kesho afanye mwenyewe. Kwa kusaidia watu, skrini ya mbali haina mpinzani.

Ila ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko zote. VNC ya asili, njia ya zamani ya kuonyesha skrini kwa mbali, poti 5900, nenosiri lake huishia herufi 8 na picha ya skrini husafiri bila kusimbwa, kwa hiyo iwe daima ndani ya VPN au handaki. xrdp, inayotumia njia ya skrini ya mbali ya Windows, husimba, lakini kwa kawaida hukufungulia kikao kipya, wala si kile alichokaa mtumiaji. Inafaa kwa kazi zako mwenyewe, haifai kumwelekeza mtu. Kwa mama mdogo naiwasha x11vnc kwa amri ya SSH pale tunapozungumza, na tukimaliza naizima. Haikai wazi hata saa moja. Inawezekana kwa kuwa Cinnamon, mazingira ya mezani ya Mint, bado huja na X11, mfumo wa zamani wa kuchora skrini. Kwenye Wayland, mfumo mpya, x11vnc haifanyi kazi, itabidi utumie kile kinachokuja na mazingira husika.

Programu za namba ya kuunganisha, kama AnyDesk na RustDesk, zinapenya ruta bila kupanga chochote, na RustDesk unaweza kuiendesha kupitia seva yako. Februari 2024 AnyDesk walitangaza kwamba mifumo yao imevamiwa, wakabatilisha vyeti vya usalama. Hilo linaweza kumkuta yeyote. Kinachonisumbua zaidi ni matapeli: wanampigia mtu simu, wanajifanya wa benki, wanamwomba asome namba iliyo kwenye skrini, na pesa zinaondoka mbele ya macho yake. Nilimwambia mama mdogo: namba hiyo usimsomee mtu, hata akijua jina lako, hata akisema nimemtuma mimi. Baada ya kuyafikiria hayo niliona bora programu ya aina hiyo isiwepo kabisa kwenye kompyuta yake.

Kuna suala la bando pia. Siku nzima ya kuandika amri kwa SSH haigusi kifurushi, wakati skrini ya mbali hutafuna data kama video. Kwa laini ya shule inayolipiwa kwa GB, hiyo ni sababu tosha.

Mtandao unapokatika

Mosh, programu ya terminali ya mbali iliyotoka MIT mwaka 2012, huingia kwa SSH kisha huendelea kwa UDP, poti 60000 hadi 61000. Nikiwa kwenye treni ya Morogoro simu ikihama mnara hadi mnara, kikao hakifi, na herufi ninazoandika zinaonekana papo hapo hata mtandao ukisuasua. Haipitishi handaki, kwa hiyo haichukui nafasi ya SSH. Inakaa pembeni yake.

Lakini ukichukua kimoja tu, chukua tmux, programu inayoweka kikao chako hai kule mbali hata wewe ukikatika. Masasisho ya mfumo yasiendeshwe kamwe bila hiyo. Umeme ukikatika kwako katikati ya `apt upgrade`, ndani ya tmux kazi inaendelea kule mbali na utaikuta imekwisha. Bila tmux utarudi kukuta vifurushi nusu nusu na kuanza kuomba `dpkg --configure -a` ikuokoe.

Kujifungia nje

Njia zote hizi zina ajali moja ya pamoja. Unaandika `ufw enable` kabla ya kuruhusu SSH, au unakosea herufi kwenye mipangilio, na kompyuta iko mbali na wewe safari ya basi ya nusu siku.

Ninavyofanya: dirisha la kwanza la SSH silifungi. Napima faili kwa `sudo sshd -t`, nawasha upya, kisha nafungua dirisha la pili na kuingia upya. La pili likikubali ndipo nafunga la kwanza. Nikigusa fayawoli naacha kwanza kamba ya kurudi: `echo "ufw disable" | sudo at now + 5 minutes`. Nikiingia salama, naifuta kwa `sudo atrm`. Nisipoingia, nasubiri dakika tano mlango ufunguke wenyewe.

Na pale Tanga kuna bahasha. Imefungwa kwa gundi, imo kabatini kwa mwalimu, ndani yake mna jina la akaunti na nenosiri linalofanya kazi kwenye kibodi ya pale tu, maana SSH haikubali nenosiri. Mwaka jana niliihitaji. Nilikuwa nimebadili ufunguo wa WireGuard upande wa Ujerumani nikasahau kuupeleka upande wa pili.

"Fundi, nimeifungua. Nianze wapi?"

"Pole kwa usumbufu, Mwalimu. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Skrini itakuwa nyeusi, usiogope."

Ufunguo mpya nilimtumia kwa ujumbe, maana kipande cha umma hakina siri, hata nikiuandika ukutani. Aliuchapa herufi moja moja, herufi 44, akausoma tena kwa sauti nami nikimfuatisha. Kisha nikaandika `wg show` kwenye seva ya Ujerumani nikawa naangalia. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili ukatokea mstari: `latest handshake: 4 seconds ago`.

"Tayari, Mwalimu. Sasa bahasha nyingine nitaituma kwa basi la kesho, yenye nenosiri jipya."